Ndege kugongwa na ndege: waandishi wanajuaje kama ni tai au mwewe?

MlalahoiKirumba:
Wakuu habari za jioni. Wiki iliyopita nilikuwa narudi Dar kutoka safari ya kikazi (uwanja siutaji, shirika silitaji), ndege yetu ya propela, pangaboi, imenyanyuka tu hata magurudumu sijui kama yalishaingia tukasikia paah! upande wa kulia, halafu ndani ikaingia harufu ya nyama ya kuungua, abiria wengine washaanza kusali, rubani akazunguka taratibu tukarudi tukatua salama, tukashushwa tukapewa soda tukangoja ndege nyingine. Hakuna hata aliyechubuka.

Sasa nafika home nafungua simu nakuta NDEGE YANUSURIKA KUANGUKA BAADA YA KUVAMIWA NA TAI. Picha waliyoweka ni dege la jeti 😂 na pembeni tai yule wa Marekani mwenye kichwa cheupe. Mimi nilikaa dirishani, sekunde moja kabla ya kishindo nilimwona ndege wa kahawia, si mkubwa kihivyo, mkia una panda. Huyo ni tai kweli? Na hawa waandishi lisaa limoja tu baada ya tukio wameshajua ni tai wamemuuliza nani?

DarubiniMbovu:
Mkia wa panda? Huyo ni mwewe bwana, mwizi wa vifaranga, kila aliyekulia kijijini anamjua ila akishaingia kwenye habari anapandishwa cheo anakuwa tai.

Mimi natembeza wageni porini, wengi wanakosea kwa sababu wanaangalia rangi. Angani rangi inakudanganya, jua likiwa nyuma yake kila ndege ni mweusi, we angalia umbo. Mwewe mkia wake anauzungusha kama usukani, huku huku, hatulii, na akishakomaa mdomo unakuwa wa njano. Tumbusi mkia mfupi, mabawa mapana kama mlango na ncha zimeachana kama vidole, anaelea tu hapigi mabawa. Halafu kuna yule korongo mwenye kipara na mfuko shingoni, Kampala wanamwita kaloli, huyu akiruka miguu inatokeza nyuma ya mkia, na shingo anaikunja wakati korongo wenzake wanainyoosha. Ukiona shingo imekunjwa na miguu nyuma usikimbilie kusema kaloli maana kulasitara nao wanaikunja hivyo hivyo, cheki na mdomo, wa kaloli ni kama mchi.

Na sio ubishi wa bure. Mwewe hafikishi hata kilo moja, kaloli anaweza kufika kilo nane au tisa. Kwa injini hiyo ni kesi mbili tofauti kabisa, we unaandika tai tu umemwambia nini msomaji?

ChumbaChaHabari:
Ngoja nijibu kwa niaba ya watuhumiwa maana hiyo kazi ndo inanilisha.

Inakuwa hivi: clip inaingia WhatsApp kutoka kwa abiria, mhariri anataka stori dakika tano zijazo kabla ya wenzetu, shirika linapigiwa linasema "sababu za kiusalama" basi, mamlaka simu haipokelewi. Unabaki na shuhuda aliyekuwa nje ya uzio anauza mahindi, anakwambia aliona moto, aliona tai. Picha unaingia kwenye maktaba unaandika "ndege" inakuletea ya kwanza. Nakiri hiyo dhambi nimeifanya.

Ila kinachoniudhi mimi zaidi ya tai ni hilo neno "yanusurika kuanguka". Kuna kuanguka, kuna kutua kwa dharura, kuna kurudi kwa tahadhari, kuna kutoka nje ya njia ya kurukia, kila moja na lake. Nyie mlirudi kwa tahadhari. Na Kiswahili chetu kina mtego wake, ukiandika "ndege yagongana na ndege" msomaji atajuaje? Machi 2024 kule Nairobi ziligongana kweli, Dash 8 ya abiria na Cessna ya mafunzo karibu na uwanja wa Wilson, wawili waliokuwa kwenye Cessna wakafariki. Dawa ni upatanisho tu: ndege ya abiria iligongwa na ndege mmoja, aliyeingia kwenye injini. Sarufi ya darasa la nne hiyo, tunaikimbia.

Kipepsi:
Kwa hiyo mwewe kamgonga pangaboi, bima ya nani inalipa 🤣🤣

MzeeWaRampu:
Mimi nipo uwanjani miaka mingi. Mara nyingi hata sisi tulioshika mabaki hatujui ni ndege gani, unakuta damu na manyoya mawili yameganda. Yanahifadhiwa yanaenda kupimwa. Ile Airbus iliyotua mto Hudson Januari 2009, watu 155 wote wakatoka hai, mabaki ya ndege waliogongwa yalipelekwa taasisi ya makumbusho ya Smithsonian kule Marekani wakalinganisha manyoya na vinasaba ndo ikathibitika ni bata bukini wa Kanada. Abidjan 1973 dege liligonga kitu futi 37,000, manyoya yakaonyesha ni tumbusi, nani angeamini bila hayo manyoya? Na msidharau wadogo, Bahir Dar 1988 ni njiwa, kundi zima liliingia kwenye injini zote mbili za Boeing 737, watu 35 wakafa.

Chanzo ndo usiseme. Ile ya Ethiopia iliyoanguka ikija Nairobi Machi 2019, watu 157 wakafa, wachunguzi wote walikubaliana kwamba mfumo wa kompyuta uitwao MCAS uliisukuma pua chini kwa sababu kihisio kilitoa data za uongo. Lakini kihisio kiliharibiwa na nini? Ripoti ya Waethiopia ya Desemba 2022 ikasema hitilafu ya umeme, wachunguzi wa Marekani na Wafaransa wakasema hapana, kiligongwa na kitu, yaelekea ndege. Karibu miaka minne baada ya ajali wataalamu walikuwa bado wanabishana, wewe mwandishi unajua ndani ya lisaa?

MlalahoiKirumba mlipandia mlango gani?

MlalahoiKirumba:
Wa nyuma mkuu. Kwa nini?

MzeeWaRampu:
Basi yaelekea ni ATR. Q400 mara nyingi abiria wanaingilia mbele. Zote pangaboi, mabawa juu, mkia wa T, watu wanazichanganya kama mwewe na tai, ila angalia na miguu: Q400 ina miguu mirefu inayoingia kwenye kasha la injini, ATR mifupi inaingia tumboni.

DarubiniMbovu:
Kumbe na nyie mnaangalia miguu 😂

MlalahoiKirumba:
Asanteni sana wakuu. Nimewaandikia wale jamaa kwenye ukurasa wao nikawaeleza kila kitu, mwewe, ATR, kurudi kwa tahadhari. Wamejibu "asante mdau" na habari wameirekebisha muda huu. Pangaboi limewekwa, ni Q400. Tai bado yupo.