Naomba ushauri: Kilatini kwenye wosia wa 1694

Wakuu, habari. Nafuatilia ukoo, nimepata nakala ya wosia wa Uingereza wa 1694, umeandikwa kwa mkono. Wenyewe uko kwa Kiingereza, nausoma kwa kujikongoja. Kinachonitoa jasho ni aya ya chini, ile ya mahakama kuthibitisha wosia, ambayo kabla ya 1733 iliandikwa kwa Kilatini, tena kwa vifupisho: kistari juu ya herufi, kimkia mwisho wa neno.

"Relicte et executricis" nimeing'amua: mjane ndiye msimamizi wa mirathi. Lakini jina la pili limefuatwa na "nepotis". Huyo ni mjukuu au mpwa? Kizazi kizima kinaning'inia hapo! Wosia wenyewe haumtaji kabisa.

Pia baada ya "bonorum" (yaani mali) kuna "cred" yenye kimkia. Nahisi ni "creditorum", yaani madai ya marehemu. Mnaozijua hati hizi, mnaamuaje?