Mjadala: Je, karate inaharibu ngumi ya bondia?

Wadau wa ngumi na karate hapa Dodoma, naomba tulijadili hili kwa hoja. Baadhi ya makocha wetu wanashikilia kwamba kijana aliyetoka karate ni mzigo: mkono umekakamaa, eti heri kumfundisha asiyejua chochote. Basi akija wanamwanzisha sifuri, kuruka kamba na kupiga begi miezi na miezi, sparing (kupigana na mwenzake kwa mazoezi) haioni. Mimi napinga kabisa.

Mshikie pedi za kupigia ngumi kijana wa namna hiyo uone. Ngumi yake ya kulia haitoi taarifa. Bega halirudi nyuma kwanza, kiwiko hakifunguki, unashtukia tu pedi imelia. Asiyefundishwa, hata awe na misuli ya kupakua magunia soko la Majengo kutwa nzima, lazima avute mkono ndipo apige, na akivuta tu umeshamwona.

Mwaka 2012 watafiti wa London walitoa matokeo ya kuwapima watu 12 wenye mkanda mweusi wa karate na wengine 12 wenye mazoezi ya kawaida tu. Walipiga kwa karibu sana, sentimita 5. Wa karate walipiga kwa nguvu zaidi. Siri ilikuwa bega na kifundo cha mkono kwenda pamoja, kwa wakati mmoja. Hilo halipatikani kwa kunyanyua vyuma, na kijana anakuja nalo tayari!

Kasoro ipo, na si ndogo. Karate inafundisha mkono mmoja ukipiga, mwingine urudi kiunoni. Ulingoni hapo shavu limebaki wazi, na ngumi ya pembeni ya mpinzani inatua palepale. Tena mashindano ya pointi yamemzoesha kupiga moja safi halafu mwamuzi anasimamisha, wakati bondia anaunganisha tatu, nne, kisha mikono inarudi kidevuni. Kocha ashughulike na hayo mawili, tena ndani ya sparing nyepesi, kwa sababu begi halimrudishii mtu ngumi akajua kwamba shavu liko wazi.

Kocha unayesema aanze sifuri, tuambie: kwenye bega na kifundo cha mkono wake unafuta nini hasa? Na ninyi masensei, walimu wa karate, mbona mnawaachia vijana mkono kiunoni hata wanapopigana wenyewe kwa wenyewe?