MJADALA: Mbuzi wangu naruhusiwa kumla, kuuza nyama yake hapana. Hii sheria ya Marekani inamlinda nani?

Mfugaji wa Maine
Wadau habari zenu. Naleta hii ishu maana sisi wa Afrika Mashariki tunaofuga huku Marekani, mimi niko jimbo la Maine, inatugusa moja kwa moja. Iko hivi, ukitaka kuuza nyama ya ng'ombe, nguruwe, kondoo au mbuzi, hata paundi moja (karibu nusu kilo) kwa jirani, mnyama lazima achinjwe kwenye machinjio yenye mkaguzi wa serikali, amuone akiwa hai anatembea, halafu baada ya kuchinjwa akague kichwa, tezi, ini, mapafu ndo agonge muhuri. Hiyo ni sheria ya serikali kuu ya 1906, na 1967 wakaibana zaidi, majimbo yenye wakaguzi wao yakaambiwa yafikie kiwango hicho hicho na bado nyama yao kwa kawaida haivuki mpaka wa jimbo.

Sasa kuna machinjio madogo ya kuchinjia mwenye mnyama tu. Unapeleka mbuzi wako, wanachinja, wanakata, kila kifurushi kinagongwa HAIUZWI. Unakula wewe na familia yako, wafanyakazi wako, na wageni wasiolipa. Yaani nikialika watu 200 harusini nikawapigia pilau ya mbuzi huyo, sawa. Nikimuuzia mmoja wao paundi 2 nimevunja sheria. Mi nauliza, vijidudu vinajuaje nani kalipa na nani hajalipa??

Dada Columbus
Kaka umenichekesha lakini mgeni wa harusi anakujua wewe na zizi lako, mtu wa dukani hakujui. Na mmesahau 1993? Watoto 4 walikufa na zaidi ya watu 700 wakaugua, hambaga za migahawa ya Jack in the Box zilikuwa na bakteria wa E. koli. Nyama si nyanya, ukikosea unazika mtu.

Mfugaji wa Maine
Dada, nyama ile ya 1993 ilikuwa na muhuri wa serikali! Mkaguzi alikuwepo, ila enzi hizo walikagua kwa macho, kunusa na kushika, na bakteria huwezi kumuona. Ndo maana 1996 wakaleta kanuni mpya za viwanda kupima na kuweka rekodi za kila hatua. Halafu kuku je? Mfugaji anaweza kuchinja kuku wake mpaka 20,000 kwa mwaka akauza ndani ya jimbo bila mkaguzi kukaa pale, jimbo likiruhusu. Mbuzi wangu 30 hapana. (Na kambare naye siku hizi yuko kwenye sheria ya nyama, wafugaji wa samaki wa kusini walilalamika sana kuhusu ushindani wa kambare wa Vietnam mpaka Bunge likawasikia 2008. Hapo mtaniambia ni afya ya mlaji tu?)

Babu wa Kibaha
Wakuu, hata huku kwetu Tanzania mkaguzi wa nyama anakuja machinjioni na muhuri wake na hakuna anayelalamika, kwa sababu machinjio yapo. Naona shida yenu ni umbali siyo mkaguzi. Au nakosea?

Mfugaji wa Maine
Babu umegusa penyewe. Kampuni 4 tu zinachinja karibu asilimia 85 ya ng'ombe wa kunenepeshwa nchi nzima. Mshahara wa mkaguzi kwa saa za kawaida unalipa serikali, lakini jengo, rekodi, ovataimu, yote ni ya mwenye machinjio, sasa mdogo anaanzaje? 2020 korona ilipofunga viwanda vikubwa, nguruwe waliuawa wakatupwa huku madukani nyama haba, na machinjio madogo yamejaa bukingi mpaka mwaka unaofuata.

Dada Columbus
Si muuze mbuzi mzima kama wote tunavyofanya? Mteja ananunua akiwa hai, anachinja mwenyewe halali yake, kwisha habari. Au wawili wanachangia mmoja kabla hajachinjwa.

Mfugaji wa Maine
Sawa, huyo ni mteja mwenye hela ya mbuzi mzima na friza la kumweka. Mama wa watoto watatu anayetaka paundi 3 za wikiendi anarudi kulekule kwenye nyama ya kampuni 4, hiyo ndo inaniuma. Kuna mbunge wa Kentucky, Thomas Massie, tangu 2015 analeta muswada kwamba nyama ya hayo machinjio madogo iuzwe ndani ya jimbo, hata kwa migahawa, na mwenzake Pingree wa hapa Maine, chama kingine kabisa, yuko naye. Mi naunga mkono.

Dada Columbus
Mi migahawa nakataa, maana mle mlaji hata hajui kala nini. Kwa mtu anayekuja shambani kwako nakubali, kwa masharti mawili, lebo iseme wazi HAIKUKAGULIWA, na idadi iwe na kikomo kama ya kuku. Sasa niambie, huko zizini nani atakuhesabia?