Tamthilia ikianza vibaya, nani anadaiwa subira: sisi au wao?

Wakuu, naleta mada. Mwaka 2021 nilianza The Wheel of Time, tamthilia ya Amazon, ile ya mama mwenye uchawi anayekwenda kijijini kumsaka kijana aliyetabiriwa. Sehemu ya kwanza nikavumilia. Ya pili nikawa nachezea simu. Ya tatu niliinuka kukaanga mayai, sikurudi. Wanakijiji wenyewe nguo zao safi kama zimetoka kwa dobi asubuhi ile!

Juzi mdogo wangu kaja na flashi aliyojaziwa kibandani Magomeni, misimu yote mitatu. "Kaka, wa kwanza achana nao, nitakusimulia." Kanisimulia kweli, dakika kumi, tukisubiri umeme urudi.

Jamani, msimu wa pili! Kuna binti anaitwa Egwene, katekwa na watu wa ng'ambo ya bahari, kavishwa kola ya kichawi shingoni. Mezani kuna jagi, anaamriwa amimine maji. Basi. Lakini kila akiwaza kumpasua nalo yule anayemfundisha utumwa, mkono unakataa kulishika. Ili amwage maji tu, inabidi kwanza aache kutamani kupigana. Nilisahau hata chai yangu. Na wa tatu ni mtamu zaidi.

Kumbe nimechelewa. Mei 2025 Amazon waliikata, hadithi ikabaki njiani. Mvumilivu hula mbivu, ila hapa mti wenyewe umeshaangushwa.

Msimamo wangu: nafasi ya pili itolewe, lakini mtazamaji asilazimishwe kuilipia kwa kurudia ule ubovu. Najua wana utetezi. Mwigizaji wa Mat, mmoja wa vijana wa kile kijiji, hakurudi baada ya mapumziko ya Korona, ikabidi sehemu mbili za mwisho za msimu wa kwanza zibadilishwe. Sawa. Mbona sehemu ile ya tatu alikuwepo na bado nikaenda kukaanga mayai?

Mdau wa Tabata: Mkuu, sikubaliani. Mama ntilie akinipa wali mbichi Jumatatu, sirudi Alhamisi kuangalia kama kajifunza. Bando lenyewe la kuungaunga.

Mdau wa Mbagala: Wa Tabata, vitabu ilikotoka tamthilia hii unavijua? Viko 14. Cha kwanza 1990, cha mwisho 2013. Mwandishi wake Robert Jordan alifariki 2007 hajamaliza, vitatu vya mwisho akavimalizia mwandishi mwingine, Brandon Sanderson. Kuna watu walisubiri miaka yote hiyo, wewe sehemu tatu tu unalia bando. Nyie mlioondoka mapema ndiyo mmetukatia tamthilia yetu.

Mdau wa Tabata: Kitabu kikinichosha nakirudisha kwa aliyeniazima. Bando nalirudisha kwa nani?

Mleta mada: Wa Mbagala, lawama hiyo naipokea nusu. Nilikimbia, ni kweli. Lakini walipotengeneza mambo nani aliniambia? Hata huyo mama ntilie, akibadilisha mpishi, harufu inafika barabarani, watu wanarudi wenyewe. Mimi bila mdogo wangu kuja na flashi yake, leo hii ningekuwa bado naitukana.

Hebu mlioitazama semeni ukweli: msimu wa kwanza mliumaliza, au na nyie mlisimuliwa gizani?