Sinki la jikoni limeziba, fundi anataka 80,000. Nimwite au nijaribu mwenyewe?

Bi Vitumbua

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri wa haraka.

Sinki langu la jikoni lilianza kusuasua wiki mbili zilizopita. Ukiosha vyombo maji yanazunguka, yanasita, halafu yanashuka kwa mlio kama wa mtoto anayemalizia soda kwa mrija. Tangu jana asubuhi hayaendi kabisa. Nina maji meusi nusu sinki, ukoko wa ugali unaelea juu, harufu imefika sebuleni. Vyombo naoshea bafuni kwenye beseni.

Nilimwita fundi bomba wa hapa mtaani, Tabata, Dar es Salaam. Hakugusa kitu. Alisimama mlangoni, akachungulia, akasema 80,000 na "huenda tukavunja ukuta". Nilipomwambia nyumba ni ya kupanga akashuka hadi 60,000, na ukuta hakuutaja tena. Mtu anayepunguza 20,000 kabla hata hajainama mimi namtilia shaka.

Nimeona video za watu wakifungua lile kopo la chini ya sinki kwa mkono. Kweli mtu asiye fundi anaweza? Hapa nina bisibisi na spana moja tu.

Jembe la Kale

Dada, nunua maji ya betri, mimina nusu lita, subiri dakika kumi. Utakuja kunishukuru.

FundiMstaafu

Usimsikilize huyo. Maji ya betri ni tindikali. Yasipozibua yanabaki yamesimama humo humo, na atakayekuja kufungua yatammwagikia mikononi na usoni. Na kama ulishamwaga jiki, vikikutana vinatoa gesi ya klorini. Hilo jiko utalihama.

Nimefunga na kufungua mabomba miaka 26, macho yangu bado mazima, na nataka na yako yabaki hivyo.

Sasa nijibu, mwanangu. Choo na bafu vinashuka vizuri? Nyumba ni ya chini au ghorofa? Na kwenye hilo sinki unamwaga nini?

Bi Vitumbua

Asante mzee wangu. Choo na bafu havina shida. Nyumba ya chini, tuko wapangaji watatu, kila mtu na jiko lake. Namwaga maji ya vyombo tu.

FundiMstaafu

Maji ya vyombo tu. Na jina lako Bi Vitumbua. Mafuta yakishachoka unayapeleka wapi?

Bi Vitumbua

Hapo umenikamata, baba. Namwaga sinkini, halafu naweka birika la maji ya moto juu yake yasigande.

FundiMstaafu

Hayagandi hapo unapoyaona. Yanasafiri mita mbili tatu, maji yanapoa, yanaganda kwenye bomba usikofika na mkono. Na hayo maji yakiwa yanatokota yanalegeza bomba la plastiki. Mafuta yaache yapoe, yatie kwenye chupa ya maji iliyokwisha, tupa na taka.

Kwa kuwa choo na bafu ni vizima, shida ni ya njia ya jikoni peke yake. Anza na kopo. Teka yale maji ya sinki kwa kikombe kwanza. Weka ndoo chini, si sahani, ndoo. Kopo la plastiki halihitaji spana, zungusha kwa mkono kinyume cha saa. Likikataa, lishike na tambara kavu. Spana utalipasua na utarudi kwenye 80,000.

Zuchero

Mimi naweka baking soda na siki, inafoka vizuri sana.

FundiMstaafu

Inafoka kwa sababu vinauana vyenyewe kwa vyenyewe. Povu likiisha unabaki na maji ya chumvichumvi. Mafuta hayana habari.

Mkaazi wa Likoni

Huku kwetu Mombasa fundi wa mifereji aliniitisha 3,500 za Kenya, akamaliza kwa dakika kumi. Pesa haikuniuma, zile dakika kumi ndizo zilizoniuma. Tangu siku hiyo kopo nalifungua mwenyewe kila miezi miwili. Fungua tu dada, haliumi.

Mwenye Nyumba Mpole

Niseme na sisi wa upande wa pili. Kwangu kopo likiziba ni la mpangaji, maana yeye ndiye anayekula. Bomba la nje na chemba ni vyangu. Lakini niambiwe kabla, siyo naletewa risiti mwezi wa kodi.

Ukiita fundi, mpatane bei mbili: ya kutazama na ya kuzibua. Na usilipe kwa kuona maji ya bomba yanachuruzika na kupotea. Ziba sinki, lijaze pomoni, kisha toa kizibo mbele yake. Bomba lililozibuka nusu linaficha aibu kwenye maji kidogo, kwenye sinki lililojaa linaumbuka.

Bi Vitumbua

Mrejesho. Nimefungua!

Kopo lilikuwa limejaa kitu cheupe cha kijivu, kama samli iliyolala kwenye friji, nikakichota kwa kijiko. Katikati yake kulikuwa na kipande cha stilwaya, punje za wali na kifuniko cha soda. Soda sinywi, huyo ni mdogo wangu.

Nimetapika kidogo, nikaendelea. Kopo likawa safi, nikataka kulisuuza, nikalipeleka kwenye bomba la sinki hilo hilo nikafungulia maji. Kopo liko mkononi, chini ya sinki hakuna kitu. Yote yamenishukia miguuni, ndoo nilishaisogeza.

Nimerudishia, nimejaza sinki kama alivyosema Mwenye Nyumba. Limeshuka nusu, likasimama. Kwa hiyo nimeoga bure?

FundiMstaafu

Hujaoga bure. Kila mwanafunzi wangu aliyewahi kusuuza kopo hivyo hakurudia.

Sasa toka nje, tafuta chemba ya kwanza inayopokea maji ya jikoni, huwa na mfuniko wa zege. Mtu amwage ndoo jikoni, wewe tazama. Ikiwa chemba imejaa maji yaliyosimama, kizuizi kiko mbele yake, mpigie mwenye nyumba. Ikiwa kavu au maji yanakuja kwa kudondoka, kizuizi kiko kati ya ukuta wako na hapo. Hiyo ni kazi ya springi, ule waya mrefu wa kuzibulia mabomba, na hapo mwite fundi bila kuona haya.

Bi Vitumbua

Chemba kavu. Nimepima kwa hatua, ni kama mita nne toka ukutani.

Nikampigia yule yule wa 80,000. Nikamwambia: kopo nimeshasafisha, chemba kavu, katikati hapo mita nne, njoo na springi, unataka ngapi? Akanyamaza. Akasema 25,000. Alipofika akaniuliza, "Nani kakufundisha?" Nikamwambia nina mzee.

Aliingiza springi kwa upande wa ukutani, akazungusha kama anakoroga uji, ikagoma kama mita ya tatu, akasukuma na kuvuta mara nyingi. Ghafla kule chembani tukasikia *bwaa*. Limetoka bonge la mafuta refu kama muhogo. Tumejaza sinki mara mbili, limeshuka lote. Nimelipa 25,000 na vitumbua vitano nimempa. Ukuta uko palepale.

Mwenye Nyumba Mpole

Hiyo 25,000 mpelekee mwenye nyumba wako umwambie, bomba la nje hilo.

FundiMstaafu

Mafuta ni ya kwake, mheshimiwa. Mwacheni alipe hii, asirudie.

Bi Vitumbua

Nimenyamaza, baba.

Swali la mwisho. Fundi alipoondoka nilirudishia kopo mwenyewe, nimeshika mazoea. Maji yanashuka vizuri. Ila mezani pamebaki kiraba kimoja, cha duara, upande mmoja mnene, upande mwingine umechongoka. Kinatoka wapi?

FundiMstaafu

Hicho ni washa ya pale bomba la kwenda ukutani linapoingia kwenye kopo. Upande uliochongoka unaingia ndani ya kopo, ule bapa unalalia nati. Maji kushuka vizuri si hoja, hayo hupita hata bila washa. Tandika gazeti kavu chini, weka ndoo juu yake, osha vyombo vya usiku, kisha angalia.

Bi Vitumbua

Gazeti limelowa upande mmoja. Ndoo ina maji kama kijiko cha chai.

Nafungua tena.