Kuanguka kwa Messalina mwaka 48 BK: tamaa, mapinduzi au njama ya Narcissus?

Msomaji wa Kale

Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe maelezo matatu yanayotolewa kuhusu mwisho wa Valeria Messalina, mke wa tatu wa Kaisari Claudius. Kisa chenyewe kinafahamika: Claudius akiwa Ostia, mkewe alifunga ndoa hadharani na Gaius Silius, aliyekuwa ameteuliwa kuwa konsuli (mmoja wa viongozi wa juu wa Roma), na Narcissus, mtumwa aliyeachwa huru akapanda hadi kuwa katibu wa Kaisari, akahakikisha habari zinamfikia bwana wake. Maelezo ya kwanza yanasema alipofushwa na tamaa ya mwili. Ya pili, kwamba alikusudia kumpindua mumewe. Ya tatu, kwamba Narcissus aliichukua sherehe ya mavuno ya zabibu akaigeuza kuwa shtaka la ndoa na uhaini. Mimi naegemea maelezo ya pili, kwa sababu ndiyo pekee yanayowapa watoto wake nafasi katika kisa hiki.

Mzee wa Maktaba

Maelezo ya kwanza tuyaweke kando mapema, ingawa ndiyo yaliyoenea kuliko yote. Habari za malkia aliyejiita Lycisca na kujiuza usiku kucha danguroni zinatoka kwa Juvenal, mtunzi wa mashairi ya kejeli aliyeandika zaidi ya nusu karne baada ya kifo cha mama huyo, na shabaha ya shairi lile ni kuwatukana wanawake wa Roma walioolewa. Plinius Mkubwa, mwandishi wa elimu ya viumbe, anasimulia kwamba Messalina alishindana na kahaba akamshinda kwa kulala na wanaume 25 usiku na mchana, lakini habari hiyo ameitia katika maelezo yake kuhusu wanyama, wala hataji shahidi. Tukumbuke pia kwamba Seneti iliamuru jina lake na sanamu zake ziondolewe kila mahali, na kwamba aliyechukua nafasi yake kitandani mwa Kaisari, Agrippina, aliandika kumbukumbu za maisha yake, ambazo Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi tunayemtegemea kwa kisa hiki, mwenyewe anakiri kuzisoma. Mwanamke aliyefutwa, akasimuliwa na upande ulioshinda, hawezi kutufikia akiwa mzima.

Wakili Mstaafu

Nakubaliana na Mzee, na ndiyo maana naona maelezo ya tatu yana nguvu kuliko alivyoyapa mwenye mada. Tazameni namna shauri lilivyoendeshwa. Sheria ya Kirumi haikudai mahakama ili ndoa ivunjike, hivyo Narcissus aliweza kumwuliza Claudius kama anajua kwamba amekwisha kuachwa, na kumwambia kuwa mume mpya ataushika mji asipofanya haraka. Akaomba apewe uongozi wa kikosi cha walinzi kwa siku moja. Messalina alipowatuma Britannicus na Octavia wakamlaki baba yao, Narcissus aliamuru waondolewe. Usiku ule, Kaisari alipokwisha kula na moyo wake kulainika, akaagiza mwanamke huyo aje kesho yake kujitetea. Narcissus akatoka upesi, akawaamuru askari wamuue, akidai ni agizo la Kaisari. Mshitakiwa ameuawa ili asisikilizwe. Kwangu mimi jambo hilo ni zito kuliko porojo zote za danguroni. Zaidi ya hayo, Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari, anadai kuwa Claudius mwenyewe alitia saini hati ya mahari, akiwa ameaminishwa kwamba ndoa ile ni ya kuigiza tu, ya kumwepushia balaa lililotabiriwa.

Kalamu ya Wino

Ndugu Wakili, naomba tusimsafishe kupita kiasi. Seneta Appius Silanus aliuawa mwaka 42 kwa ndoto za uongo dhidi yake, zilizotungwa na Messalina pamoja na huyohuyo Narcissus. Mwaka 47 seneta Valerius Asiaticus alihukumiwa chumbani mwa Kaisari, Messalina akiwapo, na hakupata kusikilizwa mbele ya Seneti. Tacitus anasema kilichotamaniwa ni bustani za Lucullus, zilizokuwa mali ya Asiaticus, na humo ndimo Messalina mwenyewe alimouawa mwaka uliofuata. Alipomwangusha Polybius, naye mtumwa aliyeachwa huru, wenzake waliobaki ikulu walielewa kwamba hata wao hawako salama. Kama kulikuwa na njama ya Narcissus, ilizaliwa na hofu ambayo Messalina aliipanda kwa mikono yake.

Msomaji wa Kale

Hoja ya Kalamu inaniongezea nguvu. Katika michezo ya karne (sherehe za kuadhimisha mwanzo wa karne mpya ya Roma) ya mwaka 47, umati ulimshangilia Nero, mwana wa Agrippina, kuliko Britannicus. Claudius alikuwa mtu mzima mwenye afya dhaifu, na mtoto wa Messalina alikuwa na umri wa miaka sita tu. Tacitus anaandika kwamba Silius alikuwa tayari kumlea Britannicus kama mwanawe. Mama anayeona kiti cha mwanawe kinamponyoka ana sababu ya kutafuta mume mwenye nguvu kabla mume aliye naye hajafa.

Mzee wa Maktaba

Sababu ninaiona, mpango siuoni. Claudius alifikishwa madarakani na walinzi mwaka 41, akawalipa sestersi (sarafu za Kirumi) 15,000 kila mmoja. Nani anayeijua historia hiyo angejaribu mapinduzi bila kuwashika walinzi kwanza?

Msomaji wa Kale

Hawakuwa mikono mitupu kabisa, Mzee. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Decrius Calpurnianus, mkuu wa kikosi cha zamu za usiku, na Sulpicius Rufus, msimamizi wa shule ya wapiganaji wa uwanjani. Watu wa namna hiyo hawaalikwi kwa ajili ya zabibu. Na kuhusu hofu yake kwa watoto, yaliyofuata yanaithibitisha: Agrippina aliolewa na Claudius mwaka 49, Nero akafanywa mwana wa Kaisari mwaka 50, Britannicus akafa mezani mwaka 55, na Octavia akauawa mwaka 62.

Wakili Mstaafu

Mkuu wa zamu za usiku ni ushahidi ambao siwezi kuupuuza. Hata hivyo orodha ya waliouawa iliandaliwa na Narcissus, na maadui wa mtu huwekwa kwa urahisi katika orodha ya namna hiyo. Nakubali kwamba Messalina na Silius walikuwa na shabaha ya kisiasa. Sikubali kwamba siku ile ya sherehe walikuwa wamekwisha kuanza kuitekeleza.