Tupeane uzoefu: kutoamini Mungu maana yake nini hasa, na kunamgusa mtu wapi?

Mleta mada
Wakuu, ubishi wa yupo au hayupo tumeuchoka. Naomba wajuzi watufafanulie mtu akisema haamini anakuwa amesema nini, hajasema nini, na kwenye maisha ya kawaida anakwama wapi. Matusi na mahubiri tuyaweke kando.

Bibi Hoja
Tenganisha maswali mawili. Unaamini Mungu yupo? Unajua kwa hakika? La kwanza ni la imani, la pili ni la ujuzi. Ukijibu "hapana" kwa la kwanza, wewe huamini, hata kama la pili umejibu "sijui". Thomas Huxley, mwanabiolojia wa Uingereza, alipobuni mwaka 1869 jina la agnostiki, yaani anayesema hajui kama Mungu yupo, alilenga hilo la pili, ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili.

Wapo wanaokwenda mbele zaidi na kutamka kwamba hayupo kabisa. Hao wamedai jambo, kwa hiyo wana wajibu wa kulithibitisha, sawasawa na anayedai yupo. Wengi hupigwa bao hapa: mtu kasema tu "sijashawishika", anaambiwa "haya, thibitisha hayupo", naye anaanza kuhangaika na ushahidi wa dai ambalo hakulitoa. Rudisha swali kwa mwenye dai, basi.

Nyundo
Na msiupakie ukanamungu mizigo isiyo yake. Ni jibu la swali moja. Haukuambii umpigie nani kura, wala haukuzuii kuogopa uchawi. Wapo wasioamini Mungu wanaoamini mizimu. Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, hawana Mungu muumba lakini dini yao ni kamili, kufunga kumo na watawa wamo. Epikuro, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, naye alikubali miungu ipo, ila haijishughulishi na binadamu, na bado aliitwa mkanamungu.

Ile ya "wanamwabudu shetani" sijui nani aliianzisha. Asiyemkubali Mungu wa kitabu atamtoa wapi shetani wa kitabu hichohicho?

Karani Mstaafu
Mkwamo mkubwa ni kiapo. Charles Bradlaugh, mkanamungu, alichaguliwa kuingia bunge la Uingereza mwaka 1880 akaomba kuthibitisha, yaani kutoa ahadi rasmi bila kumtaja Mungu, badala ya kuapa. Akakataliwa, akapoteza kiti, wapiga kura wakamrudisha tena na tena, hadi akakaa bungeni mwaka 1886. Sheria ya mwaka 1888 ndiyo iliyowapa wote wasioamini nafasi ya kuthibitisha. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1961, katika kesi ya Torcaso, kwamba mtu hawezi kunyimwa wadhifa wa umma kwa kukataa kutamka kuwa anamwamini Mungu.

Kwa shahidi mahakamani, utaratibu wenyewe ni mwepesi pale sheria inapouruhusu. Mwambie karani kabla kesi haijaitwa, usisubiri hadi unyooshewe kitabu. Sema "naomba kuthibitisha". Maneno ni yaleyale, linaondolewa jina la Mungu na kitabu hakishikwi. Ukidanganya, kosa ni lilelile la ushahidi wa uongo. Kinachoharibu ni kusema "mimi siapi" halafu ukanyamaza: unaweza kueleweka kuwa umegoma kutoa ushahidi, na hilo lina adhabu yake.

Bibi Hoja
Usisahau mazishi. Watu huandika matakwa yao ndani ya wosia, nao wosia mara nyingi hufunguliwa marehemu keshazikwa kwa ibada kamili. Tumia karatasi ya pembeni, ukurasa mmoja: kuzikwa au kuchomwa, nani aongoze, kisomwe nini, na kama ndugu wakitaka kuomba waombe wakati gani. Tia tarehe na sahihi. Nakala moja mpe mwenza, nyingine mpe ndugu muumini ambaye ukoo unamsikiliza. Huyu ndiye wa maana kuliko wote. Sababu ni kwamba matakwa yenyewe huenda yasiwe na nguvu ya kisheria. Uingereza, kesi ya Williams dhidi ya Williams ya mwaka 1882 ilisema wazi kuwa maagizo ya marehemu kuhusu mwili wake hayamfungi msimamizi wa mirathi.

Mleta mada
Na kwenye msiba wa wengine?

Nyundo
"Poleni sana" inatosha, kisha shika kazi. Wakisimama kwa dua, simama na unyamaze. Hakuna anayehesabu nani hakuitikia amina.